Fahali wa Shemeji

Shemeji yangu alikuwa na sauti nzuri, hilo siwezi kumnyima. Akishika kipaza sauti, hata mbuzi walinyanyua vichwa. Kazi aliyopewa na serikali ilikuwa kuzunguka kata zetu za Loliondo kufundisha watu maadili: mume amheshimu mke, watoto wasome, pombe ipungue, nyumba iwe na amani. Kila mkutano aliuanza vilevile. Anapanda juu ya meza, anakunja mikono ya shati, anapaza sauti: "Mwanamke?" Sisi chini tunajibu: "Hapigwi!" Anaweka mkono sikioni kana kwamba hakusikia. "Nimesema, mwanamke?" "Hapigwiii!" Na mimi ndiye nilikuwa napiga kelele kuliko wote, maana yule juu ya meza alikuwa mume wa dada yangu, na nilikuwa najivuna naye hadi shingo inaniuma.

Tena hakuwa mtu wa maneno matupu. Siku moja pale Soitsambu aliletewa mzee jirani yetu ambaye alikuwa amempasua mke wake mdomo. Shemeji akaamuru mgambo wamlaze mzee wa watu kifudifudi mbele ya mkutano, mbele ya wakwe zake na watoto wake, wamchape. Kila fimbo ikishuka, yeye aliitangaza kwenye kipaza sauti. Shuka ya mzee ikaloa damu mgongoni. Yule mke aliyepasuliwa mdomo ndiye aliyekimbia akajitupa juu ya mumewe akilia, "Basi, jamani, basi!" Shemeji akacheka kidogo, akasema, "Mnaona? Hata sasa anamtetea. Hawa ndio tunaowapigania." Wanawake wakapiga vigelegele. Tukaenda nyumbani tukisema serikali safari hii imetuletea mwanamume.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja kwa kazi, akamkuta dada ofisini kwa mtendaji akipika chai na kuandika barua za watu wasiojua kuandika, akampenda, akaleta mahari bila kelele. Baba alifurahi mpaka akampa ndama dume, mweusi mwenye mkanda mweupe tumboni. Kwetu, watu waliopeana ng'ombe huacha kuitana kwa majina, huitana Pakiteng'. Basi ikawa ni hivyo tu: Pakiteng' huku, Pakiteng' kule, baba yangu na bwana wa serikali. Ndama akakaa bomani kwetu, kwa sababu kwenye nyumba ya serikali hakukuwa na pa kumweka, akakua akawa fahali wa kutisha. Kila Jumapili shemeji alikuja na viatu vyake vyeusi vya mjini, akapita kwenye kinyesi bila kujali, akamkuna yule fahali chini ya shingo na kumnong'oneza. Dada yangu hakuwahi kusemeshwa kwa upole ule hata siku moja. Nawaambia ninachokijua, kwa sababu niliishi nao.

Dada alipopata mimba aliniomba mimi, mdogo wake wa kike, nikae naye nimsaidie kazi. Nikahamia nyumba ya serikali. Wiki ya kwanza nikaona kitu kimoja: shemeji akirudi na kuwasha redio kwa sauti ya juu, dada alikuwa anaacha chochote alichoshika na kunituma dukani. Nikirudi, amefunga kilemba chini chini mpaka kwenye nyusi. Nikimuuliza, anasema kichwa kinamgonga. Loo! Kichwa kilikuwa kinagongwa kweli, ila si na malaria. Siku nilipokataa kwenda dukani nikasimama nyuma ya mlango, nilisikia mkanda wa suruali ukifanya kazi chini ya kwaya ya redioni. Nilipotaka kusema na yeyo, mama yetu, dada alinishika mikono akaniapisha. "Nikizaa atatulia," akasema. "Anataka mtoto. Mtoto huyu ndiye atakayeniokoa." Hakuwa na tegemeo jingine. Alilala akilishika lile tumbo kwa mikono yote miwili.

Tumbo likakua, siku za kuzaa zikakaribia. Siku moja shemeji alikuwa na mkutano mkubwa uwanjani, wageni wanatoka Arusha, na wote walipewa fulana nyeupe zenye maandishi kifuani: MWANAMKE HAPIGWI. Dada akawa anainyoosha ya mumewe kwa pasi ya mkaa. Maandishi yale yalikuwa ya plastiki. Pasi ikayashika, yakayeyuka, yakabaki kwenye chuma yananuka. Dada akaniangalia tu. Sijasahau yale macho.

Shemeji alitoka chumbani akiwa kifua wazi. Akaiona fulana. Hakuwasha hata redio. Alimpiga kwa nyuma ya kiganja, dada akaangukia kona ya meza, meza ikapinduka, makaa yakamwagika sakafuni. Alipoanguka alijikunja kulilinda tumbo. Na yeye, Mungu ananiona, alizunguka upande wa pili, akatafuta nafasi, akampiga teke la tumbo kwa kile kiatu cheusi. Kisha jingine. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata shingo, nikasikia ngozi inakatika menoni. Alinibamiza ukutani mpaka nikaona giza. Nilipofumbua macho alikuwa bafuni ananawa. Akavaa shati jingine, akafunga kola kuficha meno yangu, akaondoka akisema tusafishe hayo makaa kabla nyumba ya watu haijaungua.

Uwanja haukuwa mbali. Dada amelala sakafuni, damu inamtiririka miguuni, nami namfungia kanga katikati ya mapaja, na spika zinatuletea mle ndani: "Mwanamke?" Umati unaitika kama ngurumo. "Sijasikia! Mwanamke?"

Nilisimamisha bodaboda, nikamweka dada katikati, nikamkumbatia kwa nyuma mpaka zahanati. Muuguzi akaweka kile kifaa chao tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. "Moyo wa mtoto unapiga," akasema. "Lakini huyu alale, asibebe kitu, asipate mshtuko. Nani amefanya hivi?" Dada akajibu, "Nimeteleza." Muuguzi akaniangalia mimi. Niliyameza maneno kama moto, kwa sababu ya kiapo. Nikampeleka dada bomani kwa yeyo.

Baba alimwangalia binti yake akalia, kweli alilia. Halafu akafuta machozi kwa ncha ya shuka akasema, "Apumzike, kesho arudi kwa mumewe. Yule ni serikali. Tutampeleka wapi?" Yeyo alimfunua dada tumbo, akaona alama ya kiatu imevimba pale, rangi ya bluu. Akachukua fimbo yake akatoka, akaenda boma la kwanza, la pili, na yale ya ng'ambo ya korongo. Akarudi jua likizama, amekaukiwa na mate, akakaa karibu na dada.

Kwetu kuna jambo ambalo wanaume hawaliingilii. Mwanamume akimharibia mwanamke tumbo, wanawake hawaiti kikao wala hawaombi ruhusa. Wanakusanyika, wanamwendea huyo mtu popote alipo, wanamchapa, na wanamchinja ng'ombe wake anayempenda kuliko wote. Wanaume siku hiyo wanageuza migongo. Nyama ikishaliwa, jambo limekwisha, na haliruhusiwi kutajwa tena na yeyote. Anayelifukua anajiitia laana, yeye na waliomzaa.

Asubuhi shemeji alikuja kumchukua mke wake. Gari aliliacha njiani. Hakuanza kumwona mgonjwa, alianza kwa fahali wake. Alikuwa amesimama zizini, anamkuna shingo, anamwambia baba, "Pakiteng', mimba zina mambo. Binti yako siku hizi anaanguka anguka ovyo." Mimi nilikuwa mlangoni kwa yeyo na nilisikia kila neno. Ndipo tukasikia wimbo.

Walitokea kilimani wengi, wanawake wazee kwa vijana, wengine na watoto mgongoni, fimbo mkononi, shanga zinalia kwa pamoja. Baba alipowaona alijua. Aliacha geti la miiba wazi, akatembea mpaka nyuma ya nyumba, akageuza mgongo. Shemeji akabaki anatabasamu, akidhani ni wale wanawake wake wa vigelegele. Hata mkono aliwapungia!

Fimbo ya kwanza ilikuwa ya yeyo, ikampata mdomoni. Baada ya hapo sikuona tena ya nani ilikuwa ipi. Walimwangusha kwenye kinyesi, wakamchapa miguu, mgongo, makalio, suruali ikachanika. "Mimi ni serikali!" akapiga kelele. "Nitawafunga wote! Mimi ni serikali!" Bibi mmoja asiye na jino hata moja akamkalia shingoni, akamwambia, "Tulia basi, serikali, tumalize." Wanawake wakacheka huku wanachapa. Na mimi nilichapa. Nilichapa mpaka fimbo ikavunjika, nikaendelea na kipande. Nilisikia utamu, kwa nini niseme uongo? Mwisho alijivuta akatoka chini ya uzio, akakimbilia gari akiwa na kiatu kimoja.

Kisha fahali. Hakukubali kufa. Walimkata mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga, akapiga magoti, akainuka, akavunja uzio, akaanguka tena. Damu iliruka mpaka kwenye shanga za yeyo. Alilia kama binadamu, na mimi niliyemshika pembe niliona jicho lake linanitafuta. Hakuwa na kosa lolote yule mnyama. Alikuwa tu ndicho kitu pekee alichokipenda yule mtu. Jua lilipofika utosini alikuwa amekufa, na mafuta yake ya kwanza yaliyeyushwa akapelekewa dada anywe, apate nguvu, amshike mtoto. Alikunywa. Akasema mtoto anacheza. Tukaimba, tukala, tukajipaka mafuta mpaka viwikoni. Kila mmoja wetu alikula.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu wenyewe. Tulikula mapema.

Siku chache baadaye dada aliniita, akauweka mkono wangu tumboni. "Sikiliza," akasema. "Amenyamaza." Tulisubiri. Tulimwimbia. Yeyo alimkanda kwa mafuta ya fahali yuleyule. Kimya. Hospitali walimsaidia kusukuma, akamzaa mtoto wa kiume, mzima wa sura, mwenye nywele nyingi, aliyekufa. Dada hakulia. Alimfuta uso kwa kidole, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

Damu ilinichemka. Nikasema twende polisi, twende leo, alama ya kiatu bado ipo. Wanawake wale wale waliochapa wakakaa chini mbele yangu, wakainamisha vichwa. "Tumeshakula," wakasema. "Limekwisha." Nikawaambia halijaisha, mtoto alikuwa bado hai tulipokula, fahali alichinjwa kwa teke, hakuchinjwa kwa maiti! Yule bibi asiye na meno alikuwa analia. "Ungejua ninavyotaka kusema, mwanangu," akanijibu. "Lakini nyama iko tumboni kwangu. Iko tumboni kwako pia."

Ila shemeji hakula. Yeye hakufungwa na kitu. Michubuko yake ilipopungua alileta mgambo na magari, wakazoa wanawake mabomani, yeyo akiwemo. Wizi wa mifugo, wakaandikiwa. Mila potofu. Kumshambulia mtumishi wa umma. Walichapwa kwenye nyayo kule nyuma ya ofisi, na kila aliyechapwa aliulizwa: kwa nini mlimchinja ng'ombe wa bwana mkubwa? Kulitaja lile teke tu kungewaokoa, lakini walikuwa wameshakula, na hakuna aliyelitaja. Yeyo alirudi anatembea kwa visigino. Mpaka leo hawezi kukanyagia vidole. Shemeji akahamishiwa Arusha, kwenye kiti kikubwa zaidi, na tuliambiwa ni kwa sababu ya ushujaa wake katika kupambana na mila mbaya. Weee!

Mimi na dada tukatoka kwetu. Tulipata chumba Rhotia, kwa mama mmoja wa Kiiraqw, mjane, mkulima wa mahindi na maharage, mdomo mkali moyo laini. Nikauza mitumba. Dada akatunga shanga za kuuza kwenye lodji za watalii. Miaka imepita hivyo. Kuhusu mtoto hakuwahi kufungua kinywa, hata nikiwa peke yangu naye. Mama mwenye nyumba alipomuuliza kama aliwahi kuzaa, alitikisa kichwa na kuendelea kutunga. Alikuwa anaogopa laana isimrudie yeyo.

Mwaka huu gari la matangazo likapita likituita uwanjani karibu na kanisa: mkutano wa maadili na familia. Nilikuwa na nguo zangu chini nauza palepale, dada ananisaidia kukunja, mama mwenye nyumba amekaa mbele na wenzake. Nikamwona shemeji anapanda mezani. Amenenepa. Kola imefungwa mpaka juu, na mimi peke yangu uwanja mzima nilijua kilicho chini yake. "Mwanamke?" "Hapigwi!" Nikamwambia dada tukunje twende. Hakunisikia. Alikuwa amesimama na suruali ya mtu mkononi.

Akahubiri. Akafika mahali sauti ikalainika, akatoa kitambaa. Akasema naye ni mtu wa majonzi. Akasema alipokuwa akifanya kazi huko kwa wafugaji, wanawake waliolevywa na mila walivamia nyumbani kwa wakwe zake na fimbo, mke wake mjamzito akapata mshtuko, na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, akafia tumboni. "Wanawake wenyewe kwa wenyewe!" akasema, akifuta jicho. "Mtoto wangu aliuawa na mila. Naomba tusimame wote, tumkumbuke kwa dakika moja ya kimya."

Watu wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama mwenye nyumba alikuwa anafuta machozi kwa kanga, maskini. Akina mama wakawashika watoto midomo. Uwanja wote ukanyamaza, ikasikika pikipiki moja tu mbali kwenye lami.

"Ulimpiga teke."

Dada hakupaza sauti. Hakuhitaji. Watu wakageuza vichwa. Shemeji akafumbua macho, na nilimwona anamtambua.

"Mtoto ulimpiga teke wewe," dada akasema, sasa anatembea katikati ya watu, nao wanampisha. "Kwa sababu ya fulana. Nilijikunja, ukazunguka. Alikuwa na nywele nyingi. Hukuja hata kumwona." Aliogopa, ila si yule mtu, najua alikuwa anamwogopea yeyo. "Mama yangu anisamehe. Nyama ile naitapika leo."

Mgambo wawili walimfikia kabla yangu. Mmoja akampiga rungu la bega akaanguka, mwingine akamkandamiza goti mgongoni. Niliruka juu ya nguo zangu zote nikaenda nikamshika yule wa rungu kwa meno, mkononi, na rungu likanishukia sikioni. Sikio hilo linavuma mpaka sasa ninapoandika. Nikiwa chini, mchanga kinywani, nilimwona shemeji anakitafuta kipaza sauti kwa mikono miwili. Alijua jambo moja tu la kuwarudisha watu.

"Ndugu zangu, tukae! Huyu ni mgonjwa wa akili. Tukae!" Hakuna aliyekaa. Rungu likashuka tena, nikasikia dada anaguna. "Mwanamke?" shemeji akapaza sauti.

Kimya.

"Nimesema, mwanamke?"

"Anapigwa," akajibu mama mwenye nyumba. "Tunamwona."

Akainama, akavua kandambili yake, akaanza kwenda mezani, na wanawake waliokaa naye wakainama wakavua zao.